Kuonja Nako ni Kula

Wifi yangu alikuwa mpishi wa shule, na mimi ni fundi cherehani nisiyejua kupika. Tuliishi nyumba moja kwa amani miaka kumi na moja kwa sababu yeye alipika na mimi nilisifia. Wali wangu, alikuwa akisema, unafaa kuzibia nyufa za ukuta. Sikuwahi kubisha. Wifi akikutoa jikoni mwako mwenyewe, wanawake wengine huita vita. Mimi niliita likizo.

Watoto wa shule walimwita Bi Mwiko, na jina likavuka ukuta hadi kaka yake, ambaye ni mume wangu, akawa anamwita hivyohivyo. Nasema ukuta kwa sababu shule iko nyuma yetu tu. Kengele yao ikilia, vikombe vyetu vinasikia. Alipika pale miaka ishirini na sita, masufuria matatu ambayo mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuogea ndani yake, watoto mia sita. Mwenyewe hakujaliwa mtoto, na ukijitia kumsikitikia alikuuliza wewe umewahi kulisha wangapi. Alikuwa mwanamke wa kilo sabini na nne, mikono minene, sauti ya kunyoosha foleni. Sikumbuki kumwona ameketi mbele ya sahani hata siku moja. Alichota kwa mwiko, akadondoshea kiganjani, akalamba, akafumba jicho moja. Chumvi bado. Au: imekolea. Hivyo kutwa nzima, na alishiba na kunenepa kwa hivyo, lakini ukimwuliza amekula saa ngapi alikujibu, "Mimi sijala tangu asubuhi, ndugu yangu. Mpishi hali."

Likumbuke hilo la mpishi hali. Lilitaka kumuua.

Ugonjwa ulianza kwa macho kuwa ya manjano na mwili kuwasha. Tukazunguka huku na huku mpaka hospitali kubwa, wakaona uvimbe kwenye kongosho, ile nyama iliyojificha nyuma ya tumbo ambayo hakuna kati yetu aliyejua kuwa anayo. Walimpasua kwa muda wa saa saba. Wakatoa uvimbe na sehemu ya kongosho, wakaunga vilivyobaki. Daktari mpasuaji, mtu wa maneno machache, alituambia kazi imetoka vizuri, lakini kuna dawa ya kutiwa mshipani lazima ifuate ili ugonjwa usirudi. Dawa hiyo ni kali na hawampi mtu aliyekwisha. Awe na kilo hamsini, akasema, na tuanze kabla ya wiki ya kumi na mbili tangu upasuaji. Siku Bi Mwiko anatoka hospitali, wiki ya tatu, mizani ilisema hamsini na moja.

Kwa hiyo tulikuwa na kilo moja ya kuchezea, na mpishi nilikuwa mimi.

Mtaa mzima uligeuka madaktari. Jirani wa kulia alisema mafuta ni sumu kwa mtu aliyekatwa kongosho. Jirani wa kushoto alisema hata mayai. Nikachemsha. Nilichemsha viazi, nikachemsha kuku bila ngozi, nikachemsha mboga mpaka zikasahau rangi zao. Mara tatu kwa siku nilimwekea sahani mezani, na pembeni yake vidonge viwili, kwa sababu hilo hospitali walilisema wazi: kongosho lililobaki halitoshi kusaga chakula, kwa hiyo kila anapokula ameze vidonge na tonge la kwanza. Tulisikia wote na tulitii wote. Alimeza vidonge vyake kwa adabu, akala vijiko viwili vya kile nilichokiita chakula, akasukuma sahani.

"Jikaze, wifi," nikamwambia.

"Nimejikaza. Sasa hivi ulichoniona nafanya ndiko kujikaza kwenyewe."

Wahenga wanasema mgonjwa haulizwi uji, na mimi nilishika msemo huo kama sheria. Sikumwuliza. Nilileta tu. Na yeye, ili asiwe anakaa chumbani akitazama dari, alihamia jikoni kwenye kigoda, karibu na jiko, eti ananisimamia.

Saa sita na nusu kengele ya shule ililia kila siku. Hapo ndipo nilipokuwa nikishindwa kumtazama. Aligeuza uso kuelekea ukutani na kusikiliza zile kelele za mabakuli. "Sasa wanapanga foleni," alisema. "Sasa yule mpya anamimina. Sikia, anamimina kwa pupa, wa mwisho watapata mchuzi mtupu." Upepo ukileta harufu, alinusa. "Maharage yameshika chini. Ameunguza, mtoto wa watu." Gauni lake la kazi la buluu lilikuwa limening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, nimelifua na kulipiga pasi, na hakuruhusu mtu aliguse. Nilimwambia nilipunguze, maana sasa wangeingia wawili mle ndani. Alinikatalia. Alisema atalijaza.

Siku moja kengele ilipolia aliniuliza, "Wifi, una njaa?"

"Nina njaa ya kuuma!" Nilijibu bila kufikiri, kisha nikaona aibu.

"Niambie ikoje."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Alikuwa ameegemea ukuta, mikono yake myembamba magotini, ananitazama kama mtu anayengoja habari za nyumbani kwao.

"Inaanza hapa chini ya mbavu," nikasema. "Kama kuna kitu kimefunguliwa. Halafu mate yanajaa. Halafu unakuwa na hasira na kila mtu."

"Eeh," akasema. "Hasira. Nilikuwa nimeisahau hiyo hasira." Akafumba macho. "Watu wananiletea chakula, kaka ananiletea matunda, na wote wanafikiri nimekosa chakula. Chakula sikitamani. Naitamani njaa. Miaka ishirini na sita nimehudumia njaa za watoto wa watu, yangu mwenyewe imenikimbia bila kuaga."

Tangu siku hiyo kila mchana aliniuliza njaa ikoje leo, na kila mchana nilimweleza. Nilianza kuchelewa kula makusudi ili nipate cha kumsimulia.

Wiki ya tano mizani ya hospitali ilisema arobaini na tisa na nusu. Baada ya hapo sikuhitaji mizani. Mimi watu nawajua kwa utepe, na utepe wangu ulinionyesha kiuno chake kinapungua inchi moja, kisha ya pili. Tumbo lilimjaa gesi. Alikwenda msalani mara nyingi na kumwaga ndoo nzima za maji, akidhani sijui, lakini anayesugua choo ni mimi na niliona mafuta yanaelea. Nikajiuliza mafuta hayo yanatoka wapi, maana sahani zangu zilikuwa kavu kama barua ya kufukuzwa kazi. Nilijiuliza, nikaacha. Ujinga wangu ulikuwa hapo.

Kabla ya kwenda kliniki ya wiki ya nane, mchana, alikuja chumba changu cha kushonea, ameshika gauni lake la maua la kutokea. Akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Vile vyuma vya mapazia unavyo bado?"

Nilikuwa navyo. Ni vyuma vidogo bapa tunavyotia kwenye upindo wa pazia lisipeperuke. Nilikuwa na kopo zima, mabaki ya kazi ya ukumbi fulani. Nilielewa anachotaka kabla hajamaliza kukunjua gauni.

"Wifi, hapana."

"Kilo mbili tu. Waanze dawa. Wakishaanza nitanenepa njiani."

"Na mizani?"

"Mizani haioni, mwenzangu. Inahesabu tu." Akanisukumia lile gauni. "Nataka kurudi jikoni kwangu. Sitaki kufa nikisikiliza kengele ya watu wengine. Nishonee."

Nilishona. Sitajitetea. Nilifumua upindo, nikapanga vyuma thelathini na vinne, nikashona kila kimoja katika kijumba chake visigongane, nikapiga pasi. Ilikuwa kazi safi kuliko nguo yoyote ya harusi niliyowahi kushona, na nililia juu yake kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mtaalamu wa lishe wa hospitali ile ni kijana mwembamba, ambaye Bi Mwiko alimpachika jina la Bwana Kijiko kwa sababu hajui kuzungumza bila kutaja vijiko. Chumba chake kina meza, mizani na sinia la vyakula vya plastiki vya kufundishia. Bi Mwiko hakuwahi kuingia mle bila kulitukana lile yai la plastiki. Siku hiyo hakulitukana. Alivua viatu, akapanda mizani polepole, gauni likimning'inia zito kama pazia. Hamsini nukta mbili.

"Mama!" Bwana Kijiko alifurahi mpaka akasimama. "Umepanda! Mnaona sasa? Hongereni sana. Ngoja nimwandikie daktari." Akaketi, akaanza kuandika, huku anazungumza. "Uzito huu ndio watakaotumia kupanga kipimo cha dawa. Lazima uwe sahihi, maana ikizidi mwili unaumia."

Bi Mwiko alinitazama. Yale macho nayajua, yalisema nyamaza. Nami nilikuwa nimenyamaza, kweli, nilikuwa nimekaa kimya na kipochi changu mapajani, mpaka ile kalamu ikafika mwisho wa mstari.

"Usiandike," nikasema. "Toa kilo mbili. Ziko kwenye upindo. Nimeshona mimi."

Sijawahi kutazamwa na mtu vile alivyonitazama wifi yangu. "Umenichoma," akasema taratibu. "Wewe. Mke wa kaka yangu."

"Nimekuchoma, ndiyo. Bora uninunie ukiwa hai."

Kijana yule hakucheka wala hakufoka. Aliinama, akashika upindo, akapapasa vile vyuma kimoja kimoja. "Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema, si kwa ukali, kama mtu aliyekumbuka neno la bibi yake. Akampima upya akiwa na khanga yangu. Arobaini na nane kamili. Akaweka kalamu pembeni.

"Mama, nieleze siku yako ya jana. Kila kitu kilichoingia mdomoni, tangu ulipoamka."

Bi Mwiko alitazama dirishani. "Asubuhi uji, vijiko viwili. Mchana viazi, vijiko viwili. Jioni supu. Na vidonge vyangu kila mara, viwiliviwili. Muulize huyu msaliti."

"Ni kweli," nikasema. "Hali kitu kingine. Ni kuonjaonja tu pale jikoni."

"Kuonja si kula!" Hapo ndipo aliponigeukia, na ilikuwa hasira ya kazi, hasira ya fundi anayefundishwa ufundi wake. "Mpishi anaonja. Mpishi hali."

Bwana Kijiko akasogeza kiti. "Unaonja nini, mama?"

Hakutaka kusema. Nikasema mimi, na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyosikia masikio yangu yakipata moto. Alionja karanga anazonitwangia. Alionja mchuzi wa kaka yake, ule wenye tui zito. Alionja mayai ya kukaanga ya asubuhi, kiganjani, na parachichi nikiliponda, na maziwa yakichemka, na nyama ya mume wangu kuona kama imelainika. Nikimpa mgongo aliongeza mafuta kwenye sufuria, akaonja tena. Kutwa nzima. Nilikuwa namwona. Nilikuwa nafurahi kumwona, nikidhani ndiyo mazoea yake ya zamani yanarudi.

"Na unapoonja," Bwana Kijiko akauliza, "unameza kidonge?"

"Kwa nini nimeze? Si nimekwambia sijala?"

Basi ikawa wazi hata kwangu mimi. Vidonge vyake vyote alivimeza na sahani zangu za viazi vya kuchemsha, ambazo hazikuwa na cha kusagwa, na chakula chenye nguvu, chenye mafuta, alikila kiganjani bila kidonge hata kimoja. Kilipita tu tumboni, kikatoka kama kilivyoingia, na kumwachia maumivu. Hospitali nzima ilikuwa imemwambia ameze dawa anapokula. Hakuna aliyejua kwamba mtu huyu, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa hajala tangu ujana wake.

Kijana alituambia tulichopaswa kufanya, na kilikuwa kifupi. Majirani waache udaktari: mafuta hayakatazwi, yanahitaji kidonge. Asilazimishwe sahani tatu kubwa, tumbo lake halina nafasi hiyo tena. Ale kidogokidogo, mara sita, mara saba. "Wewe umeshajua kula kidogokidogo, mama, kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha. Endelea kuonja. Ila onja kwa kijiko kikubwa, na tonge la kwanza liende na kidonge. Kuonja nako ni kula."

Bi Mwiko alivaa viatu. Mlangoni akageuka. "Haba na haba hujaza kibaba," akasema. "Wewe umesoma miaka mingapi kuja kuniambia hilo?" Kisha akalitukana yai la plastiki, nikajua tutafika nyumbani salama.

Hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu aliniita wifi, akaniomba nimshonee kimfuko kidogo cha kufunga kiunoni, cha vidonge. Nilimshonea kwa kitambaa bora nilichokuwa nacho, chenye kifungo.

Wiki tatu zilikuwa zimebaki, na mimi nikaacha kabisa ule msemo wa mgonjwa haulizwi uji. Nilimwuliza kila kitu. Yeye alipika akiwa kwenye kigoda, mimi nikibeba masufuria, na kila baada ya muda nilimfuata. Wifi, chumvi imekolea? Wifi, tui limeiva? Ili anijibu ilibidi aonje, na ili aonje ilibidi afungue kile kifungo. Nilipunguza chumvi makusudi ili nimwulize mara mbili. Alijua.

"Unanidanganya kama mtoto wa chekechea," alisema.

"Onja tu. Imekolea?"

"Haijakolea, na unajua haijakolea." Akameza kidonge, akaonja tena, kijiko kizima. Kaka yake alikuwa akisimama dirishani akijifanya anatafuta funguo, akihesabu vijiko kwa vidole.

Ndoo za msalani zilipungua. Tumbo likatulia. Njaa haikurudi. Nilikuwa nikiingoja kila siku, nikimtazama usoni kengele ikilia, na kila siku aligeuka ukutani, kisha akageuka kwangu na kuniuliza yangu ikoje. Alikula kama mtu anayekwenda kazini: kwa saa, bila hamu, bila kukosa.

Kliniki ya wiki ya kumi na moja alivaa lile gauni la maua. Nilikuwa nimetoa vyuma, lakini matundu ya sindano bado yalionekana kwenye upindo, na Bwana Kijiko aliupapasa kabla hajamruhusu kupanda. Arobaini na tisa nukta nne. Tulikuwa tumepungukiwa, kwa haki safari hii. Kijana aliondoka na karatasi kwenda kwa daktari mpasuaji, tukaachwa na sinia la plastiki. Bi Mwiko alinishika mkono. Hakuwa mtu wa kushika mikono.

Yule daktari alikuja mwenyewe. Alitazama namba za wiki zote. "Sikusema hamsini kwa sababu naipenda hamsini," akasema. "Nilitaka kujua kama mwili huu unashuka au unapanda. Unapanda. Jumatatu tunaanza."

Dawa ilichukua miezi sita. Sitaisimulia, aliyeiona anaijua, na asiyeiona Mungu amwepushe. Aliimaliza. Kuna vipimo vya kila baada ya muda, na mpaka leo havijaonyesha kitu. Lakini mshono wa tumbo hautaki uzito, na ule mwiko wa shule ni mzito kama mchi. Mwalimu mkuu alikuja kutusalimia, akakaa, akanywa chai, akazunguka maneno mpaka Bi Mwiko akamsaidia kuyasema: kazi ameshapewa yule mpya, moja kwa moja. "Mwambie apunguze moto wa maharage," akamjibu. "Na amimine kwa kuhesabu." Alimsindikiza mgeni hadi mlangoni, akacheka naye. Aliporudi alikaa kwenye kigoda, akatazama lile gauni la buluu, na hakuonja kitu mchana ule mpaka nilipomkumbusha.

Ilipita kama wiki. Asubuhi moja nilikuwa kwenye cherehani, akaingia na gauni la buluu mkononi. Lilikuwa na vumbi mabegani. Akaliweka juu ya meza yangu.

"Lipunguze," akasema. "Nitalivaa hapahapa jikoni kwetu."

"Ulisema utalijaza."

"Nilisema mengi. Lipunguze, wifi."

Nilimpima upya. Alisimama ameinua mikono, akitazama juu ya kichwa changu. Lilikuwa la kupunguza vidole vinne kila upande. Fundi akipunguza kiasi hicho hukata kitambaa kinachozidi, kisivimbe kwa ndani. Nilishika mkasi. Nikauweka chini. Nikakunja kitambaa chote ndani, nikakilaza, nikashona juu yake kwa mshono mpana unaofumuka kirahisi, nikapiga pasi mpaka kikalala.

Alilivaa. Lilimkaa. Akapitisha mikono ubavuni, na vidole vyake, vinavyojua uji umeiva kwa kuugusa tu, vikasimama pale penye unene.

"Hujakata."

"Sijakata."

"Kwa nini?"

"Ni kuvuta uzi tu, wifi. Siku yoyote."

Aliendelea kushika ule ukunjo wa ndani, huku na huku, mikono miwili. Kengele ya shule ikalia nyuma ya ukuta, mabakuli yakaanza. Tukaenda jikoni. Akaketi kwenye kigoda, akafungua kifungo cha kimfuko chake, akatoa vidonge viwili na kuviweka kiganjani, mkono wa pili ameshika kijiko.

"Haya," akasema. "Niambie njaa ikoje leo."